Maonesho ya filamu kwa waandishi: fedha ziende kwanza kwenye sauti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu maonesho ya filamu ambayo klabu za waandishi wa habari mikoani hupanga kwa ajili ya wanachama wao kuelekea Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Wazo lenyewe tunaliunga mkono kwa mikono miwili. Mwandishi wa redio ya jamii aliyeko Lushoto au Pangani hapati mara nyingi nafasi ya kukaa saa moja na nusu akitazama filamu ya uchunguzi iliyotengenezwa vizuri, kisha akaichambua na wenzake wa fani. Kinachotusumbua ni bajeti. Utakuta bango, fulana, ukumbi, chakula, maji ya chupa, posho ya nauli, na mwisho kabisa, kama kitu kilichokumbukwa mlangoni, mstari mmoja umeandikwa "projekta". Sauti haimo kabisa.

Mtazamaji husamehe picha hafifu. Maneno yasiyosikika hasamehi, na mwandishi wa habari ndiye wa mwisho kusamehe, maana filamu ya uchunguzi inaishi ndani ya mahojiano. Ofisa anajikanyaga katika jibu lake, shahidi anasita kabla ya kutaja jina. Sentensi hiyo ikipotea, mjadala wa baadaye hauna pa kushika.

Sasa tuseme vitu kwa vipimo. Spika iliyomo ndani ya projekta nyingi za ofisini ina nguvu ya wati 2 hadi 10. Inawatosha watu sita waliozunguka meza. Ukumbi wa watu 80 unahitaji spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani yake, stendi mbili, mikisa ndogo (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti), na maikrofoni mbili kwa ajili ya mjadala. Vyote hivi vinakodishwa na watu wa muziki wa harusi, ambao Tanga hawajawahi kuadimika. Ila fundi wa harusi aambiwe mapema kwamba safari hii hakuna wa kucheza. Amezoea kusukuma besi, na besi ndiyo inayomeza maneno. Akate sauti nzito zilizo chini ya hezi 100 au 120 (hezi ni kipimo cha uzito na wembamba wa sauti), aongeze kidogo zile za kati ya hezi 2,000 na 4,000, ambako herufi kama t na k husikika wazi. Spika zikae pande mbili za skrini, si nyuma ya watu, zikiinuliwa juu ya vichwa vya waliokaa na kuelekezwa kwenye safu za nyuma. Aliye mbele atasikia tu, hana haja ya kupigiwa usoni.

Kuna kosa moja linalowakamata hata mafundi wazoefu, nalo tunalieleza kwa kirefu kwa sababu dalili zake hudanganya. Filamu inaanza, muziki unasikika, magari yanapita, ndege wanalia. Mtu akifungua mdomo, sauti yake inatoka kama ya mtu aliye kisimani, au haitoki kabisa. Kila mtu hudhani faili ni bovu. Faili ni zima. Kompyuta mpakato hutoa sauti kwa njia mbili, kushoto na kulia, kupitia tundu moja la milimita 3.5. Fundi akichukua waya wenye pini ya njia mbili kila upande, kisha akauchomeka wote kwenye tundu moja la mikisa lililotengenezwa kwa maikrofoni au laini ya njia moja, mikisa huchukua sauti ya kushoto na kuondoa ndani yake ile ya kulia. Mazungumzo katika filamu huwekwa katikati, sawasawa kushoto na kulia, hivyo yanafutana. Kinachobaki ni vile vilivyotofautiana pande mbili: muziki na kelele za mazingira. Dawa yake ni waya wa bei ndogo unaoanza na pini moja ya 3.5 na kuishia na pini mbili tofauti, kila moja kwenye njia yake ya mikisa. Nunueni miwili. Wa pili mtauhitaji siku ule wa kwanza utakapokanyagwa.

Dalili karibu na hiyo hutokea pia pale faili linapokuja na sauti ya njia sita, iliyokusudiwa kumbi za sinema. Humo mazungumzo yana spika yao ya katikati. Kompyuta ikidhani kwamba imeunganishwa na spika sita wakati mnazo mbili, mazungumzo yanakwenda kwenye spika ambayo haipo. Rekebisheni mpangilio wa sauti wa kompyuta usomeke njia mbili, au, bora zaidi, mwombeni mwenye filamu tangu mwanzo faili lenye sauti ya njia mbili.

Spika za bluetooth wekeni kando. Zinachelewesha sauti, na ucheleweshaji huo unatosha mtazamaji aone mdomo umefunga ndipo neno lije. Katika VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, vitufe vya J na K husogeza sauti mbele na nyuma kwa hatua ndogo, lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu, si mpango wa kuanzia.

Mngurumo ule wa "mmm" usiokoma mara nyingi husababishwa na kompyuta kuchomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na mikisa kwenye ukuta mwingine. Vyote vilishwe kutoka soketi moja. Ukiendelea, chomoeni chaja ya kompyuta kwa muda: mngurumo ukikoma, mmempata mwizi, na kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya kompyuta na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti kitaumaliza. Wapo wanaokata pini ya ethi, ile ya usalama inayokwenda ardhini, kwenye plagi ya umeme. Hilo ni la hatari, na huyo fundi asirudi tena.

Halafu kuna ukumbi wenyewe. Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya simenti au vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo. Pigeni kofi moja katikati ya ukumbi mtupu. Mkisikia mlio unaendelea kudunda baada ya kofi, mazungumzo nayo yatadunda hivyo hivyo, neno likipanda juu ya neno. Kuongeza sauti hapo kunazidisha ubaya. Kinachosaidia ni vitu laini: mikeka sakafuni, mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na spika, na watu wenyewe, kwani miili hunyonya mwangwi. Ndiyo maana watu 40 ndani ya ukumbi wa watu 60 husikia vizuri kuliko watu 40 ndani ya ukumbi wa watu 300, hata kama ule mkubwa una jina kubwa. Na kwa kuwa Aprili na Mei ni masika, ukumbi wa bati lisilo na dari usikodiwe hata kwa bure. Mvua ya Tanga ikianza kuteremka juu ya bati, hakuna spika ya kukodi itakayoishinda.

Jaribio la sauti lifanyike feni zikiwa zimewashwa, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa siku yenyewe, na anayesikiliza asimame safu ya mwisho. Fundi anayepima akiwa mezani kwake karibu na spika anajipima mwenyewe.

Tukija kwenye picha, watu hubishana juu ya projekta na kusahau dirisha. Projekta ya lumeni 3,000 ikitupa picha ya mita 3 kwa mita 1.7, yaani mita za mraba 5 hivi, huipa skrini mwanga wa karibu laksi 600 (lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye projekta, laksi ni ule unaofika kwenye kila mita ya mraba). Taa ikishachoka, hesabuni nusu, laksi 300. Sasa pimeni mwanga wa dirisha unaofika pale pale kwenye skrini kwa simu yenye programu ya kupimia mwanga. Ukiwa laksi 100, basi sehemu nyeupe ya picha inaizidi ile nyeusi mara nne tu, na tukio lolote la usiku ndani ya filamu litakuwa ukungu. Mkifanikiwa kushusha mwanga wa dirisha hadi laksi 10, nyeupe inaizidi nyeusi mara thelathini na ushee, kwa projekta ile ile yenye taa iliyochoka. Kwa hiyo kabla ya kukodi projekta kubwa zaidi, nunueni nailoni nyeusi nzito ya kujengea, mkate vipande kulingana na madirisha, mbandike kwa nje au kwa ndani. Kanga na vitenge havizuii jua, vinalipaka rangi tu. Wekeni nafasi ya hewa juu kwenye ukuta usiotazama skrini, la sivyo ukumbi utakuwa tanuri.

Skrini bora ya bei nafuu ni ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe isiyong'aa. Shuka jeupe moja hupitisha mwanga mwingi ukaenda nyuma, na kila mkunjo huonekana usoni mwa anayehojiwa. Ukingo wa chini wa picha uwe walau mita 1.2 kutoka sakafuni, na ikiwa filamu ina tafsiri ya maandishi, ni afadhali mita 1.5, kwa sababu maandishi hayo hukaa chini kabisa, mahali ambapo vichwa vya walio mbele huishia. Aliye safu ya mwisho asiwe mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha. Kwa picha ya kimo cha mita 1.7 hiyo ni mita 10.

Projekta nyingi za ofisini huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha. Picha ya mita 3 inataka mita 4.5, ndiyo kusema meza ya projekta itaangukia katikati ya viti. Acheni njia hapo tangu mnapopanga viti. Projekta isimame sawasawa mbele ya skrini. Ile programu ya kunyoosha picha iliyopinda inafanya kazi yake kwa kupunguza picha yenyewe, na wembamba wa maandishi ndio unaoumia. Kompyuta ikae hapo hapo kando ya projekta ili waya wa HDMI uwe mfupi. Waya wa kawaida wa mita 15 au zaidi huanza kuleta picha inayokatika au kupotea kabisa, na mkitumia kiunganishi cha kwenda VGA kumbukeni kwamba VGA haibebi sauti, na kwamba baadhi ya filamu zilizofungwa dhidi ya kunakiliwa hukataa kuonekana kupitia kiunganishi hicho. Sauti iende mbele kwenye mikisa kwa waya ndefu za maikrofoni, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, kutoka kwenye kile kiboksi cha DI kilichochomekwa zile pini mbili, si kwa ule mwembamba wa 3.5 uliorefushwa. Waya zote zibandikwe sakafuni.

Saa ya kuanza nayo ni kazi ya ufundi. Mwanzoni mwa Mei jua la Tanga huzama karibu saa 12:15 jioni. Onesho la nje haliwezi kuanza kabla ya saa 1:00 usiku, nalo litakutana na Isha, na masika, na wanachama wanaorudi Muheza kwa gari la mwisho. Ndani ya ukumbi uliozibwa vizuri, Jumamosi saa 10:00 alasiri ndiyo saa yenye akili: Alasiri imeshaswaliwa, habari za mchana zimeshatumwa Dar es Salaam, na kabla ya Magharibi mna saa mbili na robo. Filamu ya dakika 90 inaisha saa 11:30, mjadala unapata dakika 40, watu wanatoka saa 12:10. Mpango huu unabana, na unavunjika kwa kitu kimoja tu, ambacho ni mgeni rasmi. Tunawaheshimu wageni rasmi. Lakini mgeni rasmi anayefika saa 11 kasoro, akasomewa risala, kisha akatoa nasaha, amekwisha kula mjadala wote, na mjadala ndio uliowaleta watu. Kama lazima awepo, aalikwe kuja kutazama, azungumze mwisho kama wengine, na filamu ianze saa 10:00 awe amefika au hajafika.

Filamu nyingi za televisheni za aina hii zina toleo fupi la dakika 52. Ulizeni kama lipo. Kwa mkutano wa wanachama toleo hilo mara nyingi linafaa zaidi kuliko lile refu, na linawaachia pumzi pale umeme utakapokatika.

Sasa faili. Dakika 90 za filamu kwa kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 6.75. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Itakataa mwanzoni au katikati ya kunakili, na mtu mwenye haraka atadhani imemaliza. Fomatini kwa mfumo mpya zaidi wa exFAT, mkijua kwamba baadhi ya projekta na televisheni zenye tundu la flashi hazisomi exFAT. Hilo lisiwasumbue, kwani filamu haipaswi kuchezwa kutoka kwenye flashi. Inakiliwe ndani ya kompyuta, ichezwe kutoka diski ya ndani, na nakala ya pili iwe kwenye kompyuta ya pili ambayo nayo imeshajaribiwa na projekta ile ile. Kompyuta za zamani hukwama kwenye faili zilizobanwa kwa mtindo wa H.265, picha ikigandaganda huku sauti ikiendelea. Ombeni H.264, ukubwa wa 1080, katika MP4. Kuonesha moja kwa moja kutoka mtandaoni kwa kutegemea bando ni kamari, tena kamari inayochezwa mbele ya watu 80.

Saa moja kabla ya onesho kompyuta izimiwe intaneti, WhatsApp ifungwe, masasisho yasimamishwe, na kilinda skrini kizimwe. Tunasema WhatsApp kwa makusudi. Ujumbe wa faragha wa mhariri kwenda kwa ripota wake ukitokea kwenye ukuta wa mita tatu ni habari nyingine kabisa.

Tafsiri ya Kiswahili ina watu wanaodharau kazi yake. Katika vibanda umiza tumezoea mtafsiri anayesema juu ya filamu, na ana ufundi wake wa kuchekesha na kuchangamsha. Kwa filamu ya uchunguzi mtindo huo haufai, kwa sababu waandishi wanahitaji kusikia jibu lilivyosemwa, pamoja na kusita kwake. Andikeni tafsiri ya maandishi: mistari isiyozidi miwili, kila mstari usivuke herufi 40 hivi, na kila kipande kikae kwenye skrini kwa muda wa kumtosha mtu kusoma kwa utulivu, herufi 12 hadi 15 kwa sekunde. Mtafsiri anayeng'ang'ania kila neno ataziba nusu ya picha. Faili la SRT, yaani lile lenye maandishi ya tafsiri, lipewe jina lile lile la filamu, likae folda moja nayo, lihifadhiwe kwa UTF-8, na ikiwa linawahi au linachelewa, vitufe vya G na H katika VLC vinalisogeza. Mtu ambaye hajaiona filamu aisome yote kabla ya siku. Yeye ndiye atakayegundua kwamba "karani" wa dakika ya kumi amegeuka "katibu" dakika ya arobaini, na watazamaji wakadhani ni watu wawili.

Mkoa wetu una historia yake katika hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu wa wakati wa ukoloni ulikuwa na makao yake Vugiri, Korogwe. Uliwatengenezea Waafrika filamu fupi na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, sauti ikitoka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Nia ya wakoloni tuiache kwa wanahistoria, ingawa filamu yenyewe ingewafaa wanachama kama mada ya kuchambua namna picha inavyotumiwa kumfundisha mtu utii. Kwa fundi kinachovutia ni kwamba hata wao walihangaika na kuoanisha sauti na picha.

Haki ya kuonesha ndilo eneo ambalo klabu za waandishi zinapaswa kuwa mfano, na ndilo linaloachwa hadi wiki ya mwisho. Kununua DVD, kulipia akaunti ya mtandaoni, au kupakua filamu kutoka YouTube hakukupi haki ya kuionesha mbele ya kundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya maonesho ya hadhara, na swali likizuka mahali pa kuulizia ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 nayo inataka filamu ipite kwenye Bodi ya Filamu kabla ya kuoneshwa kwa umma. Wapo watakaosema onesho la wanachama si la umma. Hoja hiyo msiitegemee siku ambayo mlango uko wazi na wanafunzi wa chuo wameingia. Nendeni kwa Ofisa Utamaduni mwezi mmoja kabla, mkiwa na barua, muhtasari wa filamu na kibali cha mwenye nayo, na jibu mlipate kwa maandishi.

Barua kwa mwenye filamu haihitaji kurasa tatu. Inataka mambo yafuatayo yasemwe wazi: klabu ni ya nani, ukumbi uko wapi na unachukua watu wangapi, tarehe na saa, kiingilio kipo au hakuna, onesho ni moja au zaidi, mnataka faili la aina gani, na kama mnaomba ruhusa ya kuweka tafsiri ya Kiswahili. Hilo la mwisho lisisahaulike, kwani kutafsiri nako kunahitaji ruhusa. Watengenezaji wa filamu za uchunguzi hupenda kazi zao zionwe na waandishi, na si ajabu wakapunguza ada au kuisamehe ikiwa hakuna kiingilio, lakini huombwa, hawabahatishiwi. Mkitumiwa kiungo cha kutazamia chenye maandishi hafifu ya alama ya mmiliki katikati ya picha, hicho ni cha kuchagulia filamu tu. Si nakala ya kuonesha.

Ukumbini, wanachama waombwe waweke simu mfukoni. Tunajua tunaomba kitu kigumu kwa waandishi. Lakini vipande vya skrini vilivyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye makundi vinavunja makubaliano yale yale mliyoyatia saini, na baadhi ya filamu hizi zinaonesha sura za watu waliokubali kuonekana kwa masharti. Anayetaka kuandika habari apewe picha za matangazo ambazo mwenye filamu ameziruhusu.

Umeme ukikatika, projekta ya taa ya balbu haiwaki tena papo hapo. Balbu ikizimika ikiwa na moto inahitaji dakika kadhaa ipoe ndipo ikubali kuwaka, na kuilazimisha kunaifupishia maisha. UPS (kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme) ndogo ya VA 650 inaweza kuishikilia projekta ya wati 250 hadi 300 kwa dakika chache, ambazo zinatosha kuwasha jenereta au kuizima projekta kwa utaratibu feni yake ikiwa inazunguka. Msichomeke spika kwenye UPS hiyo. Projekta, kompyuta, mikisa na spika mbili kwa pamoja hazifiki kilowati moja katika matumizi ya kawaida, hivyo jenereta ya kVA 2 inatosha ikiwa hamtaongeza mashine ya kuchemshia chai. Ikae mita 20 hivi kutoka ukumbini, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na madirisha, na waya wake uwe wa milimita za mraba 2.5. Mafuta yajazwe kabla, maana kujaza ikiwa inanguruma na moto ni kutafuta msiba.

Mjadala uwe na mwongozaji aliyekwisha kuitazama filamu mara mbili na kuandika dakika za matukio matatu au manne ya kurudia. Kuwauliza wanachama "mmejifunza nini" huleta hotuba. Warudisheni kwenye tukio: hapa mtengenezaji alipata wapi waraka huu, kwa nini alimwonesha ofisa kabla ya kumuuliza, huyu mtoa habari angetambulika kwa sauti yake hapa Tanga? Kisha chezeni tena kile kipande cha dakika mbili. Ndiyo sababu projekta isizimwe filamu inapoisha, na ndiyo sababu maikrofoni ziwe mbili, moja kwa mwongozaji na nyingine ya kutembea, ikibebwa na mtu asiyeiachia mkononi mwa mchangiaji.

Posho ya nauli kwa wanaotoka wilayani tunaikubali. Posho ya kukaa kwa wakazi wa mjini waliokuja kutazama filamu bure tungeifuta, na fedha hiyo ingelipa spika, stendi na ule waya wa pini mbili, ikabaki.

Baada ya onesho faili lifutwe kwenye kompyuta zote mbili na kwenye flashi, kama makubaliano yanavyotaka, asije mtu akaligawa "kwa ajili ya wale waliokosa". Waliokosa waombewe onesho la pili. Mwenye filamu aandikiwe ndani ya wiki moja idadi ya waliohudhuria, maswali mawili matatu yaliyoulizwa, na nakala ya faili la tafsiri ya Kiswahili, ambalo kwake lina thamani kuliko bango lolote tutakalompigia picha.

Ni sisi,
Mafundi na waratibu wa maonesho ya filamu,
Tanga